Herufi za Miaka na Maana Zake

Kijana wa hapa kwetu Ipogolo, Iringa, afunguapo kamusi ya Kiingereza huzikuta herufi AD, na mara nyingi huambiwa na wenziwe kuwa maana yake ni baada ya kufa kwake Nabii Isa (a.s.). Sivyo. Hayo ni maneno ya Kilatini, "Anno Domini", yaani "katika mwaka wa Bwana". Na hesabu yake huanzia kuzaliwa, kama alivyoipanga mtawa Dionysius mwaka 525. Lau ingeanzia kufa, miaka ya uhai wake ingewekwa wapi? Kwa Kiswahili huandikwa BK, Baada ya Kristo. Siku hizi kamusi hizo zina CE pia, yaani zama za watu wote: jina limebadilika, hesabu ni ile ile.

Sasa tazameni, enyi vijana, herufi AH. Nazo ni za Kilatini: "Anno Hegirae", katika mwaka wa Hijra. Hesabu yenyewe iliwekwa na Seyyidna Umar (r.a.) katika ukhalifa wake, baina ya 634 na 644, Wazungu wakaipa jina kwa lugha ya wanazuoni wao. Sisi twaandika H tu.

Lakini kujua herufi hakutoshi. Wako wadhanio kuwa ukiongeza 622 juu ya mwaka wa Hijra umepata mwaka wa Miladi. Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya mwaka 500 H. Kwa hesabu hiyo ungekuwa 1122. Kumbe ni 1107. Sababu ni kuwa mwaka wa mwezi mwandamo una siku 354 au 355, nao hupungua mwaka wa jua kwa siku kama 11. Hivyo miaka 32 ya jua ni karibu 33 ya mwezi.

Wala hili si jambo la darasani tu. Zaka ya mali hupasa utimiapo mwaka wa mwezi. Mfanyabiashara aitoaye kila Januari pasipo kufidia siku hizo, baada ya miaka 32 huwa amewapunja maskini zaka ya mwaka mzima, naye hana habari.

Basi, wazazi, katika daftari la nyumbani andikeni tarehe zote mbili: za uzazi, za deni na za zaka, na kila mwaka uwe na herufi yake. Wabillahi tawfiq.