Tangi la matumbawe nyumbani: chunga mikono na mvuke

Ndugu msomaji, huenda umeamua kujitengenezea tangi la samaki wa baharini sebuleni. Chumvi ni gramu 35 hivi kwa lita ya maji, kisha subira ya wiki kadhaa kabla ya kutia samaki, ili bakteria wa kusafisha maji wazaliane. Sisi tuzungumzie afya ya wanaokaa humo.

Maji ya bahari ni tohara, hilo halina shaka. Lakini tohara si kukosa sumu wala vijidudu.

Baadhi ya viumbe wa jamii ya matumbawe, hasa Palythoa, wana sumu kali iitwayo palitoksini. Moto hauiondoi. Ukichemsha jiwe lenye viumbe hao, sumu hupanda na mvuke mkaivuta nyote. Mwaka 2018 huko Uingereza familia moja ilifikishwa hospitali baada ya kutoa matumbawe tangini, pamoja na waokoaji waliokwenda kuwasaidia. Basi usichemshe jiwe, wala usilisugue likiwa kavu. Vaa glavu na miwani, watoto wakae mbali. Na akina baba, msichukue ndoo ya jikoni!

Tena usitie majini mkono wenye mchubuko. Bakteria Mycobacterium marinum, wa jamii moja na yule wa kifua kikuu, huingia hapo, na wiki kadhaa baadaye hutokea uvimbe usiopona. Dawa hutumiwa kwa miezi. Ukienda kwa daktari mwambie wazi kuwa unafuga samaki, maana asipojua atakutibu jipu la kawaida.