Kupima Madai ya Aina katika Fanksheni Jumuishi za Lugha ya Go

Makala haya yanachunguza namna ya kuyapima madai ya aina ndani ya fanksheni jumuishi za Go, lugha ya programu iliyotangazwa na kampuni ya Google mwaka 2009 na kupewa fanksheni za namna hiyo katika toleo la 1.18, Machi 2022. Fanksheni jumuishi yafanana na shina la kivumishi kama -zuri: maana ipo, lakini umbo kamili (mzuri, kizuri, mazuri) husubiri ngeli ya nomino. Aina ya data ndiyo ngeli hiyo. Dai la aina ni kauli ya mwandishi wa programu kwamba thamani iliyofika ni ya aina fulani. Nayo huthibitika au kukanushika programu inapoendeshwa.

Go hairuhusu dai lielekezwe moja kwa moja kwa thamani ya parameta ya aina. Ni lazima thamani igeuzwe kwanza kuwa kiolesura, kwa kawaida kiolesura tupu, na hapo kompaila haina tena la kukagua.

Chukuliwe mfano wa fanksheni ya kukokotoa ushuru, ambayo sharti lake ni ~int64 au ~float64. Ishara ya ~ huruhusu pia kila aina iliyojengwa juu ya hizo mbili. Mtumiaji akiunda aina iitwayo Shilingi juu ya int64, kompaila huipokea bila kinyongo. Ndani ya fanksheni, hata hivyo, tawi linalodai int64 haliitambui Shilingi, kwa kuwa dai hutazama aina yenyewe, si msingi wake. Pasipo tawi la kupokea zisizotajwa, ushuru waweza kurudi sifuri bila onyo lolote, na jaribio lililotumia int64 pekee litaendelea kufaulu.

Kwa hiyo jaribio lenye manufaa ni lile linaloleta aina ambazo sharti linaziruhusu ilhali matawi hayakuzitaja. Tawi la mwisho nalo lisimamishe programu. Kunyamaza ni hatari zaidi. Vivyo hivyo, dai lenye jibu moja likikosea huivunja programu, ilhali lenye majibu mawili hurudisha thamani sifuri pamoja na jibu la uongo, ambalo waandishi wengi (kwa haraka tu) hulipuuza.

Lipo pia suala la nil. Parameta ikiwa error, na thamani yake ikiwa nil, kuigeuza kuwa kiolesura tupu hakuachi alama yoyote ya aina; hata dai la error yenyewe hushindwa.