Ngoma Inapomeza Gitaa: Kikundi Kifanye Nini?

Vikundi vingi vya vijana vina bendi ndogo. Bendi inapiga kwenye harusi na harambee, na pesa inayopatikana inaingia kwa mfuko wa kikundi. Lakini kuna shida inayorudi kila mara. Mpiga ngoma anapiga kwa nguvu zake zote. Mpiga gitaa hasikii gitaa lake, kwa hivyo anaongeza sauti. Mwimbaji naye anapaza sauti mpaka koo linakauka. Mpiga ngoma akiona wenzake wamepanda, naye anazidisha. Nusu saa ikipita wageni wanatoka nje, na mwenye shughuli anaapa kwamba hatawaita tena.

Wahenga walisema, ngoma ikivuma sana hupasuka. Hapa kinachoweza kupasuka ni kikundi chenyewe, na masikio ya wanachama.

Amplifaya kubwa si dawa

Neno la kwanza linaloletwa kwa mkutano huwa ni hili: "Tununue amplifaya kubwa." Kabla mweka hazina hajatoa pesa, angalieni hesabu hii. Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli. Mkitoka wati 50 mkaenda wati 100 kwa spika ile ile, mnapata desibeli 3 tu zaidi. Sikio litatambua tofauti ndogo. Ili gitaa lisikike kama limeongezeka mara mbili, mnahitaji nguvu mara kumi hivi, yaani wati 500! Mpiga ngoma haongezi hata wati moja. Anaongeza mkono tu.

Masikio hayana spea

Wataalamu wa afya ya wafanyakazi hushauri mtu asikae kwenye sauti ya desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda huo unakatwa nusu. Kwa desibeli 100 zinabaki dakika 15 tu. Na karibu na ngoma za bendi, hasa ndani ya ukumbi, sauti mara nyingi hupita 100.

Ndani kabisa ya sikio kuna vinyweleo vidogo sana vinavyopokea sauti. Vikifa, havioti tena. Ukitoka kupiga muziki na masikio yanalia nziii, hiyo ni alama kwamba yameumizwa. Pamba ya kawaida haizuii vya kutosha. Nunueni vizibo vya masikio vya sponji, na mpiga ngoma awe wa kwanza kuvaa, maana yeye ndiye aliye karibu zaidi na kelele.

Msianze na lawama

Mara nyingi mpiga ngoma anapiga kwa nguvu kwa sababu hawasikii wenzake. Spika zote zinatazama watu, yeye yuko nyuma. Tena kuta za saruji na paa la mabati vinairudisha sauti ndani, inazunguka zunguka. Basi mketi naye kama ndugu, mjaribu mambo haya:

1. Inueni amplifaya ya gitaa. Ikiwa chini sakafuni, sauti yake kali inakwenda mbele kama mwanga wa tochi na kupita kwenye magoti ya mpiga gitaa. Kumbe watu walioketi mbele wanaumia masikio, na yeye anasema hasikii! Iwekeni juu ya kiti imara, au iegemezeni ili itazame kichwa chake.

2. Mpiga ngoma apate kusikia. Geuzeni spika moja ndogo imwelekee, itoe gitaa na mwimbaji. Akisikia vizuri, mkono wake utatulia.

3. Zimeni ukali wa ngoma. Tieni blanketi kuukuu ndani ya ngoma kubwa ya mguu. Bandikeni kipande cha kitambaa juu ya uso wa ngoma ndogo na utepe kidogo kwenye matoazi. Vijiti vyembamba, au vijiti vya mwanzi vilivyofungwa pamoja kama ufagio mdogo, hupunguza sauti sana.

4. Tandikeni ukumbi. Mkeka mzito chini ya ngoma na mablanketi kwenye ukuta wa nyuma hupunguza mwangwi. Msiweke ngoma kwenye pembe ya ukumbi, kwa sababu pembe huzidisha mvumo.

5. Gitaa lipate nafasi yake. Punguza sauti nzito za gitaa, maana hizo zinagongana na besi na ngoma ya mguu. Ongeza kidogo sauti za kati. Gitaa litasikika bila kuongeza nguvu.

6. Anzeni na mwimbaji. Siku ya mazoezi, aimbe bila maikrofoni, na wengine wapige huku wakimsikia. Siku ya shughuli, mwanachama mmoja asimame nyuma kabisa ya ukumbi na kuwapa ishara.

Wazee walifanyaje?

Katika miaka ya 1950, wapiga gitaa wa magharibi mwa Kenya walipiga gitaa kavu, lisilo na umeme, kwa mtindo wa omutibo. Mmoja aliyejulikana sana ni George Mukabi, aliyefariki mwaka wa 1963. Mapigo yalitoka kwa chupa ya soda iliyokwaruzwa au kugongwa. Kila uzi ulisikika, na watu walicheza. Baadaye benga ilikuja na ngoma za bendi, lakini hata huko gitaa ndilo linaloongoza. Kazi ya ngoma ni kubeba wimbo, na anayebeba hamwangushi anayebebwa.

Ya kujadili kwenye kikundi

Je, katika bendi yetu nani hasikiki? Nani hatusikii? Kati ya mambo haya sita, ni lipi tunaweza kulianza Jumamosi hii bila kununua kitu?