Je, Wajua? Funga Fremu, Si Gurudumu Pekee

Je, wajua kwamba kufuli la gurudumu la mbele pekee halilindi baiskeli? Mwizi hulegeza nati mbili kwa spana, akakuachia gurudumu. Ndiyo maana maegesho ya sokoni Musoma au stendi ya Bunda yanahitaji bomba la chuma lililokunjwa kama fremu ya mlango, miguu yake ikiwa ndani ya zege, ili kufuli lishike fremu ya baiskeli na gurudumu pamoja. Wapo watakaosema kivuli cha mwembe kinatosha. Kivuli hakizuii mvua, na Musoma upepo wa ziwani huipeperusha mvua hiyo kimshazari. Kwa hiyo maegesho yawe na paa la bati, lishuke zaidi upande wa ziwa, cheni isishike kutu. Kuta kamili zisijengwe, humficha mwizi. Halmashauri za Musoma, Bunda na Butiama, anzeni kujenga maegesho haya kwenye masoko.