Masista Walitoka Wapi, na Walituletea Nini?



Watu wengi wa Mikese wamewahi kumwona sista. Amevaa kitambaa kichwani na msalaba kifuani. Yumo ndani ya basi la kwenda Morogoro, au yupo sokoni ananunua mboga kama mtu mwingine yeyote. Wakristo humwamkia, "Tumsifu Yesu Kristo." Naye hujibu, "Milele na milele. Amina."

Lakini ukiuliza masista hao walitoka wapi, kila mtu ana lake. Mmoja atasema, "Hao waliletwa na Wazungu." Mwingine atasema, "Eti ni wanawake waliokosa waume." Wa tatu atasema, "Wao wana pesa, ndiyo maana wana shule." Basi, leo tuyaeleze mambo haya vizuri. Habari hii si ya Wakatoliki peke yao. Ni habari ya elimu ya binti zetu, na elimu haina dini.

Sista ni nani?

Sista ni mwanamke Mkatoliki aliyejiunga na shirika la watawa. Hakukosa mume. Ameamua mwenyewe kutokuolewa. Mbele ya Kanisa ameweka nadhiri tatu. Nadhiri ni ahadi kubwa kwa Mungu. Ya kwanza ni ufukara: hana mali yake mwenyewe, na mshahara wake ni wa shirika. Ya pili ni useja: haolewi. Ya tatu ni utii: akitumwa mahali anakwenda.

Msichana hawi sista kwa siku moja. Kwanza anakaa na masista ili wamjue naye awajue. Halafu anaingia unovisi. Huo ni muda wa mafunzo, nao haupungui mwaka mmoja. Baadaye anaweka nadhiri za muda kwa miaka kadhaa. Mwisho ndipo anaweka nadhiri za daima. Katika njia hiyo yote, akiona hawezi, anaruhusiwa kurudi kwao.

Masista wa kwanza

Masista wa kwanza wa Kikatoliki katika pwani yetu walifika Unguja mwezi Desemba 1860. Walitoka kisiwa cha Réunion, kilichopo katika Bahari ya Hindi, mashariki ya Madagaska. Shirika lao liliitwa Mabinti wa Maria.

Shirika hilo lina habari ya kusikiliza. Kisiwa cha Réunion kilitawaliwa na Wafaransa, na mashamba yake ya miwa yalilimwa na watumwa. Utumwa ulikomeshwa huko mwaka 1848. Mwaka uliofuata, 1849, shirika la Mabinti wa Maria likaanzishwa. Ndani yake waliingia Wazungu na pia wanawake weusi waliokuwa wametoka utumwani. Kwa hiyo anayesema kwamba masista wa kwanza walikuwa Wazungu watupu, amekosea.

Mwaka 1863 wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walipokea misheni ya Unguja. Mwaka 1868 walifungua misheni Bagamoyo, na masista wakafanya kazi huko pia.

Sasa fikiri, ndugu msomaji. Wakati huo njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda bara ilipita hapa hapa Mikese. Mwandishi Stanley alipokwenda kumtafuta Livingstone mwaka 1871, aliandika jina la Mikese katika safari yake. Katika njia hiyo walipita wapagazi wenye pembe za ndovu. Walipita pia watu waliofungwa, wakipelekwa pwani kuuzwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873.

Katika misheni ya Bagamoyo walipokewa watoto waliotoka utumwani. Wengine walikuwa wamenunuliwa na wamisionari ili watolewe mikononi mwa wafanyabiashara. Wasichana waliwekwa chini ya masista. Walifundishwa dini, kusoma, kushona, kupika, kulima na kutunza wagonjwa.

Lazima tuseme ukweli wote. Watoto hao waliokolewa, lakini hawakuulizwa wanataka maisha gani. Walifanya kazi nyingi za shamba. Walipokua, waliozwa kwa vijana wa misheni na kukaa katika vijiji vya Wakristo, chini ya uangalizi wa mapadre. Kumbe mtu anaweza kutolewa katika minyororo na bado akawa hana sauti. Hilo nalo ni somo.

Elimu yafika Uluguru

Kutoka Bagamoyo wamisionari walipanda kuja kwetu. Walifungua misheni Mhonda mwaka 1877, Morogoro mwaka 1882, na Matombo mwaka 1897. Siku hizo safari ilikuwa ya miguu. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907, ikapita Mikese.

Shule za misheni zilijaza wavulana kuliko wasichana. Kwa nini? Sababu zilikuwa nyingi.

Moja ilikuwa mila. Zamani katika Uluguru msichana akivunja ungo aliitwa mwali. Aliwekwa ndani akafundwa na wakubwa wake. Wengine walikaa ndani miezi, wengine miaka. Alipotoka alikuwa mchumba wa mtu. Basi darasa likampita. Unyago ulimfundisha mambo mengi ya maana: heshima, utunzaji wa nyumba, kuishi na watu. Lakini haukumfundisha kusoma barua wala kuhesabu bei ya mazao yake.

Sababu ya pili ilikuwa hofu ya dini. Wazazi Waislamu waliona kwamba mtoto akipelekwa misheni atabatizwa. Hofu hiyo haikuwa ya bure, maana shule nyingi za misheni zilifundisha dini pamoja na kusoma.

Sababu ya tatu ilikuwa kazi. Mama alimhitaji binti wa kuchota maji, kutwanga na kulea wadogo zake.

Binti zetu nao wakawa masista

Mwaka 1937, wakati wa Askofu Bernard Hilhorst, Mholanzi, lilianzishwa shirika la masista Waafrika katika sehemu zetu. Ni Masista wa Moyo Safi wa Maria, na makao yao yapo Mgolole, nje kidogo ya mji wa Morogoro. Watu huwaita kwa kifupi Masista wa Mgolole. Kwa wengine katika Afrika Mashariki jambo hili lilikuwa limeanza mapema. Uganda, kwa mfano, shirika la Bannabikira lilianza mwaka 1910.

Kwa Waluguru haikuwa rahisi kumtoa binti. Tunajua kwamba katika Uluguru ukoo hufuata upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na shamba la ukoo hupita huko huko. Binti asipozaa, ukoo unapungua. Sasa binti anaposema, "Mjomba, mimi siolewi," mjomba atafurahi? Ndugu wataona wamepoteza jembe na mbegu pamoja.

Lakini ndipo watu walipoanza kuona jambo jipya. Mwanamke mwenzao, mwenye lugha yao, anafundisha darasani. Anapima joto la mgonjwa. Anaandika hesabu katika daftari. Kumbe kazi hizi si za Wazungu, na si za wanaume peke yao! Hadi leo Masista wa Mgolole wanalea watoto yatima katika kituo chao. Mtoto aliyefiwa na mama huko anapata maziwa, kitanda na shule.

Shule ya wasichana pale Kilakala

Wazee wengi wa Morogoro wanaikumbuka Marian College. Ilifunguliwa mwaka 1957 mjini Morogoro, chini ya milima. Ilianzishwa na Masista wa Maryknoll. Shirika hilo lilianza Marekani mwaka 1912, na masista wake wa kwanza walifika Tanganyika mwaka 1948, kule Kowak katika Musoma.

Marian College ilikuwa sekondari ya bweni ya wasichana. Wakati ule sekondari za wasichana Waafrika zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Wasichana walikuja kutoka mbali. Mmoja wao ni Mama Gertrude Mongella, mzaliwa wa kisiwa cha Ukerewe. Baadaye aliongoza mkutano mkubwa wa wanawake wa dunia kule Beijing mwaka 1995. Mwaka 2004 akawa Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika.

Baada ya Uhuru, sheria ya elimu ya mwaka 1969 ilibadili mambo. Serikali ilizichukua shule za misheni zilizokuwa zikipata msaada wake. Marian College ikawa shule ya Serikali, ikaitwa Kilakala. Ipo mpaka leo, nayo ni ya wasichana. Kuchukuliwa kwa shule kulikuwa na shabaha: mtoto asome kwa sababu ni Mtanzania, bila kuulizwa dini yake. Masista wengine waliendelea kufundisha humo humo wakiwa walimu wa kawaida.

Mwalimu Nyerere, ambaye mwenyewe alikuwa Mkatoliki, aliyasema mawazo yake wazi. Mwezi Oktoba 1970 alizungumza na Masista wa Maryknoll huko New York. Aliwaambia kwamba kuwapa maskini msaada hakutoshi. Kanisa lazima lishirikiane na watu kupambana na mambo yanayowafanya wawe maskini. Vinginevyo, watu wataona kwamba dini ipo upande wa wenye nguvu.

Wachache na wengi

Tukumbuke jambo moja. Shule nzuri ya bweni huchukua wachache. Mwaka 1967 katika kila watu wazima 100 wa Tanzania, kama 67 hawakujua kusoma na kuandika. Masista peke yao wasingeweza kuwafundisha wote hao. Kilichowafikia ni kisomo cha watu wazima, chini ya miti, katika shule za msingi na ofisi za vijiji. Mwaka 1986 wasiojua walikuwa wamebaki kama 10 katika kila 100. Kwa hiyo tuwashukuru masista kwa kufungua mlango. Lakini kuupanua mlango kulikuwa kazi yetu sote.

Leo mashirika ya masista yana shule nyingi tena. Nyingi zinasifiwa kwa nidhamu na mitihani. Lakini ada yake ni kubwa kwa mkulima wa mahindi na ufuta. Hapo swali linarudi: zinamfaa mtoto wa maskini kama zamani? Masista wenyewe huwasaidia baadhi ya watoto wasio na uwezo, lakini si wote. Kwa bahati nzuri, tangu mwaka 2016 shule za Serikali hazitozi ada kuanzia msingi hadi kidato cha nne. Na tangu Novemba 2021 msichana aliyeacha shule kwa sababu ya kujifungua anaruhusiwa kurudi darasani. Mzazi asidanganywe kwamba mambo yameisha.

Tufanye nini?

Siku hizi mwali hakai ndani miaka. Lakini binti bado anaweza kufungiwa kwa njia nyingine: kwa kazi za nyumbani zisizo na mwisho, kwa mahari ya mapema, au kwa maneno ya "huyu wa kuolewa tu." Tusimngoje sista aje kumfungulia. Wewe mama uliyejifunza kusoma ukubwani, unajua uchungu wa kuwa na barua mkononi na kumtafuta mtu wa kukusomea. Usimrithishe binti yako uchungu huo. Kila jioni mwambie alete daftari. Mwulize, "Leo mmesoma nini?" Kama hujui hesabu zake, mwache akufundishe. Samaki mkunje angali mbichi.

Maswali ya kujadili

1. Masista wa kwanza walifika Unguja mwaka gani, na walitoka wapi?
2. Kwa nini zamani wasichana wachache walikwenda shule katika Uluguru? Sababu ipi bado ipo kijijini kwako?
3. Serikali ilifanya vizuri kuzichukua shule za misheni? Toa sababu zako.
4. Hesabu wasichana wa kitongoji chako walioacha shule mwaka huu. Nani atakwenda kuzungumza na wazazi wao, na lini?