Gari likilia unapokanyaga mafuta, usikimbilie kununua vipuri

MLIO mpya unaosikika kila dereva anapokanyaga mafuta ni taarifa, na mara nyingi gari huitoa muda mrefu kabla halijakwama njiani. Hata hivyo, wapo wamiliki wanaoizima kwa kuongeza sauti ya redio, na wapo wanaokimbilia maduka ya vipuri Kariakoo kabla chanzo hakijajulikana.

Kwa wakazi na wasafiri wa mwambao wa kaskazini mwa Dar es Salaam, kuanzia Tegeta, Bunju na Mapinga hadi Bagamoyo, suala hilo lina uzito wa pekee. Upepo wa bahari hubeba chumvi inayokula chuma, na njia nyingi zinazoacha barabara kuu kuelekea ufukweni ni za mchanga. Chumvi na mchanga ni maadui wa sehemu zilizo chini ya gari, na huko ndiko milio mingi huanzia.

Hatua ya kwanza haihitaji spana. Dereva anatakiwa kujua mlio unafuata nini: injini, magurudumu au nguvu inayosafirishwa kati ya viwili hivyo.

Gari likiwa limesimama, gia ikiwa nyutro na breki ya mkono imevutwa, mafuta yakanyagwe taratibu. Mlio ukisikika hapo hapo, chanzo kipo kwenye injini, mikanda yake au ekzosi.

Usiposikika, gari liendeshwe kwenye barabara iliyonyooka isiyo na msongamano, kisha mguu uondolewe kwenye mafuta. Mlio ukiendelea na kupungua pole pole pamoja na mwendo, kinachoshukiwa ni beringi za magurudumu au matairi yaliyolika vibaya. Ukikatika mara tu mguu unapoondolewa, zichunguzwe sehemu zinazobeba nguvu ya injini, zikiwamo jointi na raba zinazoshikilia injini.

Baada ya hapo, aina ya mlio husaidia kupunguza orodha ya washukiwa.

Katika magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele, mlio wa "ta-ta-ta" gari linapokata kona huku mafuta yakikanyagwa huashiria kuchoka kwa jointi ya nje ya ekseli. Jointi hiyo hufunikwa na mpira wenye mikunjo unaohifadhi grisi. Mpira ukipasuka, grisi hutoka, mchanga na maji ya chumvi huingia, na jointi husagika.

Mpasuko ukigunduliwa mapema, hubadilishwa mpira na kuwekwa grisi mpya. Mlio ukishaanza, kwa kawaida jointi yenyewe ndiyo hubadilishwa, kwa gharama kubwa zaidi.

Kwa magari yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma, kama Toyota Hiace nyingi za daladala, kishindo kimoja wakati wa kuondoka huweza kutokana na krosi za propela shafti zilizolegea. Raba za injini zilizokatika pia hutoa kishindo cha aina hiyo. Mlio mkali kama filimbi kutoka mbele ya injini mara nyingi ni wa mkanda uliolegea au kuzeeka.

Mlio wa "pu-pu-pu" unaopanda pamoja na mafuta haupaswi kusubiri. Huashiria ekzosi inayovuja, na kwenye hewa ya chumvi mabomba hayo huoza kwa kutu mapema. Moshi wa injini ya petroli una hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, inayoweza kuingia ndani ya gari na kuua. Maumivu ya kichwa au usingizi usio wa kawaida safarini ni sababu ya kusimama na kutoka nje mara moja.

Upo pia mlio unaofanana na kokoto zinazotikiswa kwenye kopo, hasa gari linapopanda mlima au likiwa na mzigo. Petroli huwa inalipuka ndani ya silinda bila mpangilio. Joto kali, masizi na plagi zisizofaa ni miongoni mwa sababu, sawa na petroli duni au iliyochanganywa na mafuta ya taa.

Uchakachuaji wa namna hiyo ndio uliosababisha Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) kuanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010. Mwaka uliofuata, Serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya kuyachanganya. Mlio huo ukianza mara baada ya kujaza mafuta, dereva atunze risiti, aendeshe taratibu na ajaze kwingine. Usipokoma, fundi akague plagi na mfumo wa kupoza injini, kwa kuwa ukiachwa huweza kutoboa pistoni.

Aidha, mgongano mzito wa chuma kutoka sehemu ya chini ya injini, hasa taa ya oili ikiwaka, una jibu moja: kusimama mahali salama na kuzima injini. Kulazimisha kufika gereji huweza kuugeuza ukarabati kuwa ununuzi wa injini nyingine.

Gereji, mwenye gari aeleze mlio ulianza lini, hutokea katika mwendo gani na injini ikiwa baridi au moto, kisha aende na fundi kulijaribu. Kabla ya kununua kipuri, aombe kuonyeshwa kile kilichochoka.

Baada ya safari za ufukweni, sehemu ya chini ya gari ioshwe kwa maji yasiyo na chumvi. Kabla ya safari ndefu, kama ile ya kilomita 64 kati ya Bagamoyo na Msata, kuikagua mipira ya jointi ni kazi ya dakika chache.