Baba Anayekataa Kutoa Matumizi ya Mtoto: Je, Asimamishiwe Leseni?

Sifa zote njema ni za Allaah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (swalla Allaahu 'alayhi wa sallam).

Tuchukue mfano. Baba amemtaliki mkewe, watoto wako kwa mama yao Unguja, naye anaendesha lori la mahindi kutoka Sumbawanga hadi Tunduma. Kipato anacho, lakini haleti kitu. Marekani, sheria ya mwaka 1996 iliyataka majimbo yote yawe na utaratibu wa kumsimamishia mtu kama huyu leseni ya udereva au ya kazi. Je, Uislamu unakubali adhabu hiyo?

Kwanza, matumizi ya mtoto ni wajibu wa baba hata baada ya talaka (Al-Baqarah 2:233), kila mmoja kwa kadiri ya uwezo wake (At-Twalaaq 65:7). Hind bint 'Utbah alipolalamika kwa Mtume kuhusu ubahili wa mumewe Abu Sufyaan, aliruhusiwa kuchukua katika mali yake kiasi cha kumtosha yeye na watoto, bila kuzidisha (Al-Bukhaariy na Muslim).

Pili, tutofautishe asiyeweza na asiyetaka. Asiyeweza hupewa muda (Al-Baqarah 2:280). Mwenye uwezo akakataa ni dhalimu, na Kadhi anaweza kumbana kwa ta'ziyr. Kusimamisha leseni kunaweza kuingia humo. Lakini dereva wa Ufipa akikosa leseni, na mtoto wa Unguja anakosa chakula. Kwa hiyo tunaona kukata sehemu ya kipato kutangulie, na leseni iwe ya mwisho.

Tatu, na hili wengi hawalijui: katika madhehebu ya Imaam Ash-Shaafi'iy, matumizi ya mke yaliyopita hubaki deni, lakini ya mtoto hayawi deni ila kwa hukumu au idhini ya Kadhi. Baba aliyeyaacha ana dhambi, ila mama aliyenyamaza miaka mitatu huenda asipate cha nyuma.

Basi dada zetu, msingoje. Zanzibar, nendeni Mahakama ya Kadhi mapema. Aliyeko Sumbawanga aanze kwa afisa ustawi wa jamii. Chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009, mahakama huamuru matunzo kwa kuangalia kipato cha mzazi na mahitaji ya mtoto.

Na Allaah Anajua zaidi.